Gamba la Jicho la Kushoto

Usivute. Ndilo neno la kwanza la Daktari Shekalaghe
kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyezoea ng'ombe:
"Bi Kingazi, chochote utakachofanya, usivute."
Nami kibano nilikuwa nacho mkononi tayari.

Hemedi aliniachia nyumba ya Makorora,
baiskeli isiyo na mnyororo,
na chatu wa pima moja na shibiri aitwaye Meneja,
jina la bosi wake wa zamani kule shamba la mkonge,
kwa kuwa wote wawili, alisema, wakishashiba hawatikisiki.

Tanga nzima inatoka jasho Januari hii,
chumvi inayeyuka kikoponi,
ila sanduku la Meneja ni kavu kama kibiriti:
taa ya joto juu, randa za seremala chini.
Sikujua. Hemedi alikuwa akimnyunyizia maji kila alfajiri
nami kitandani, nikisikia maji, nikidhani anatia udhu.

Basi gamba lilitoka vipande vipande
kama chokaa ya ukuta uliochoka.
Pete kavu ikabaki ncha ya mkia, inambana,
na jicho la kushoto likabaki na ukungu.

Wanawake waliokuja kunipa pole walikuja na tiba.
Mmoja, mafuta ya taa. Mmoja, ndimu na chumvi.
Bi Mwanjaa Sekiteke akashusha sauti:
huyo si nyoka, ni chuma ulete,
kammeza mumeo, sasa anakungoja wewe umalize eda.
Nikamwambia, panya wa Jumatano tu kamshinda.

Sitoki. Miezi minne na siku kumi.
Mbaruku, mtoto wa dada yangu, ndiye miguu yangu:
akaleta makumbi ya nazi kwa mama muuza kashata,
tukayaloweka, tukayakamua, tukayatandika.
Karai la kufulia, maji ya uvuguvugu
niliyoyapima kwa kiwiko, kama ya kuogeshea mtoto.
Kiwiko changu hakijawahi kuogesha mtoto. Kumbe kinajua.
Nusu saa, kidevu chake ukingoni.
Kisha taulo kuukuu lililolowa, nikamwacha apite
kati ya viganja vyangu kwa mwendo wake mwenyewe,
hadi pete ya mkiani ikabaki vidoleni,
nyepesi kama ganda la kitunguu.

Jicho likakataa.
"Liache," daktari akasema. "Litatoka na gamba lijalo."

Usiku nikafungua daftari la Hemedi,
tarehe kwa wino wa kijani:
Amejivua, mzima.
Amejivua, mzima.
Septemba: amejivua, ila jicho la kushoto bado. Nitaliangalia.

Hakuliangalia. Oktoba tulimzika.

Kwa hiyo ukungu ule si wa uzembe wangu peke yangu.
Chini ya gamba langu kuna gamba lake.
Nyoka huyu ananitazama kwa jicho moja la leo
na jicho moja lililomwona Hemedi likamfungia mlango.
Mungu anisamehe, nilishukuru
kwamba nimekatazwa kuvuta.

Nikanyunyiza. Nikaloweka. Mimi macho bila wanja,
yeye jicho lenye pazia,
tukangoja, kila mmoja chumba chake.

Akajivua usiku, siku tatu kabla ya josho langu la kutoka eda.
Gamba zima, limegeuka ndani nje kama soksi.
Nikalinyoosha mkekani, nikatafuta kichwani:
kulia, kioo kimoja.
Kushoto, vitatu, vimebebana kama vikombe vya kahawa.
Kimojawapo kilikuwa na umanjano kidogo.
Niliwaza kukibandua.
Usivute.

Wino wa kijani umekauka, nikaandika kwa wa buluu:
Februari. Amejivua, mzima. Macho yote.
Amekula, panya mmoja.
Mbaruku aulize bei ya mnyororo wa baiskeli.